Mnaoanza kupooza bledi za tabaini, angalieni presha kwanza

Wadogo zangu mlioingia kwenye hii kazi ya bledi, yale mapanga ya tabaini yanayozungushwa na gesi ya moto ndani ya injini kama za ndege, kuna kitu nimechelewa sana kukijua na sitaki mpite nilipopita mimi. Nilipoanza nilikuwa na shida moja tu, kushusha joto, nikiona bledi kwenye kompyuta imekuwa bluu, yaani imepoa, basi siku hiyo nalala vizuri.

Kwa nini tunapooza mnajua: gesi inayotoka chemba ya kuchomea kwenye injini za sasa inapita nyuzi 1,500 wakati aloi ya nikeli inaanza kuyeyuka kwenye 1,300 na kitu, kwa hiyo hewa inachotwa kutoka kompresa inapitishwa ndani ya bledi. Hiyo hewa si ya bure jamani, kompresa imekula nguvu kuibana, ukichota nyingi injini inakula mafuta zaidi.

Sasa sisi tuliokulia migombani huku Moshi tunaujua mfongo, ule mfereji wa kumwagilia tunaogawana. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa mwisho wa mfereji, wa juu wakifungulia wanavyotaka sisi tunaletewa tope. Ndani ya bledi ni hivohivo, hewa inapanda, inakata kona, inashuka, inapanda tena mpaka ukingo wa nyuma ambao ni mwembamba na ndo wa mwisho kupata. Mi nikarefusha mbavu, vile vituta vya ndani vinavyoivuruga hewa ili ibebe joto zaidi, njia ya kwanza ikapoa mpaka nikafurahi, kumbe presha imeisha njiani na ukingo wa nyuma unaungua. Afu kuna matundu ya mbele: presha ya ndani ikizidiwa na ya nje, gesi ya moto inaingia ndani badala ya hewa kutoka, na hapo bledi huna. Wiki tatu za simulesheni zilienda hivo.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu chukua karatasi, andika presha ya kuingilia, toa hasara ya kila kona na kila safu ya mbavu, uone mwisho inabaki ngapi. Nusu saa tu. Halafu tafuta joto linalolingana, maana sehemu moja ikiwa baridi na jirani yake moto chuma kinavutana mpaka kinapasuka, na doa moja likizidi nyuzi kama 15 tu umri wa bledi pale unaweza kupungua karibu nusu.

Na ombeni kushika bledi halisi iliyokatwa katikati. Mimi nilipewa moja iliyokwisha kazi, nikaielekeza dirishani, matundu ni madogo chini ya milimita moja, mwanga unapita kama kwenye chujio, ila matatu yalikuwa giza. Vumbi lilikuwa limeingia na hewa, likaganda humo, na pembeni ya hayo matatu ndipo ufa ulipoanzia.