Kwa mnaoanza kusoma melodrama za London: msisome maneno peke yake

Wadogo zangu mnaoanza kusoma historia ya maonyesho ya jukwaani, mkifika kwenye melodrama (tamthilia za hisia kali zinazoambatana na muziki) za mwishoni mwa enzi ya Malkia Victoria mtatamani kuzisoma kama riwaya. Mimi nilizisoma hivyo. Insha yangu ya kwanza ilihusu The Lyons Mail, na nilichofanya ni kuorodhesha kila mahali ilipopishana na historia. Makosa niliyoyataja yalikuwepo kweli, lakini tamthilia yenyewe sikuwa nimeielewa.

Kisa chake kilitokea Ufaransa. Mwaka 1796 gari la barua la Lyon lilivamiwa na wanyang'anyi, mashahidi wakamtaja Joseph Lesurques, naye akakatwa kichwa mwaka huohuo. Baadaye akapatikana Dubosc, mtu aliyedaiwa kufanana naye. Mwigizaji Mwingereza Henry Irving aliicheza tamthilia hiyo katika ukumbi wa Lyceum, London, mwaka 1877, akiwa Lesurques na Dubosc kwa pamoja. Na jukwaani Lesurques anaokoka.

Usiishie kuandika kwamba mtunzi kapotosha. Jiulize upotoshaji huo unamfanyia kazi gani mtazamaji. Dubosc yuko chumba cha juu, amelewa, anachungulia dirishani akishangilia Lesurques anavyopelekwa kufa kwa kosa lake yeye Dubosc. Umati unapanda kumkamata, na punde mwigizaji yuleyule anatakiwa aonekane akiwa Lesurques. Soma kurasa hizo na saa mkononi: anatoka mlango gani, nani anamkinga asionekane, muziki unaziba pengo la muda gani? Ndipo utaona ufundi ulipo. Kumbuka pia kwamba "melo" asili yake ni wimbo, na okestra ilikuwa kazini hata watu wakiwa wanazungumza.

Kwa hiyo tafuta nakala ya msimamizi wa jukwaa, ile iliyoandikwa pembeni kwa mkono: taa za gesi zishushwe hapa, pazia lianguke pale. Nakala zilizopelekwa serikalini kuombewa kibali chini ya sheria ya 1843 zimehifadhiwa British Library na zina manufaa makubwa, ila zenyewe hukupa zaidi maneno.

The Sign of the Cross, tamthilia ya Wilson Barrett iliyofika London mwaka 1896, isome pia, hasa ukitaka kujua jinsi Roma ya Nero ilivyowaleta ukumbini watu wa kanisa.

Lakini onyesho lililonifundisha zaidi ni la The Bells, la mwaka 1871. Mathias, aliyemuua msafiri miaka 15 nyuma, anarudi nyumbani usiku wa theluji. Anavua buti, anainama kufunga vifungo vya viatu vyake vya ndani. Nyuma yake watu wanapiga soga, mara wanamtaja yule Myahudi wa Poland, ndiye msafiri aliyeuawa. Edward Gordon Craig, aliyekuwa katika kundi la Irving, ameeleza jinsi vidole vya Irving, aliyemwigiza Mathias, vilivyoganda kwenye kifungo, na mwili mzima ukaganda navyo. Kwenye karatasi unakuta mistari michache tu, tena ya watu wengine.

Kabla hujaandika chochote kuhusu tamthilia hiyo, weka kiti katikati ya chumba. Vua viatu, anza kuvivaa taratibu, na mwenzako asome mistari ile akiwa nyuma yako. Yule Myahudi akitajwa, simamisha mikono. Usigeuke. Kaa hivyo mpaka mwenzako ashindwe kuendelea kusoma.