Mwanangu hakuwa mvivu

Mwaka alioingia darasa la nne, nilimwita mwanangu mvivu mara nyingi kuliko nilivyomwita kwa jina lake. Namtuma kwa Mangi alete chumvi, kiberiti na nyanya, anarudi na kiberiti tu, chenji ameiacha kaunta. Sweta tatu zilipotea kabla ya likizo ya Juni. Daftari la hesabu limejaa kazi zilizoachwa katikati, naye akachapwa kwa hilo, shuleni na nyumbani. Lakini jioni nikimuuliza hesabu zilezile kwa mdomo huku napika, anajibu zote.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Asiyejua, hata ukimuuliza kwa mdomo hajui. Huyu alijua, akashindwa kumaliza.

Siku nilipouliza bila kufoka, aliniambia: “Mama, ukisema la mwisho, la kwanza linaondoka.” Sikulala vizuri usiku ule.

Kushika maagizo kichwani huku unayatekeleza, kujizuia, kubadili mpango mambo yakibadilika: hizi ni kazi za ubongo, na hutegemea sana sehemu yake ya mbele, nyuma ya paji la uso. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa, hadi mtu apite miaka 20. Kwa hiyo kila mtoto husahau. Kinachotakiwa kukutia shaka ni pale anapoachwa mbali na wenzake wa rika lake, miezi na miezi, nyumbani na shuleni pia. Kwangu, mdogo wake wa miaka sita ndiye aliyekuwa akimkumbusha begi.

Ukiona hivyo, chukua daftari, andika kwa wiki mbili ni wapi hasa anakwama. Je, ni kuanza? Ni katikati? Ni kutulia akikasirika? Mimi niligundua kuwa maagizo mawili anayaweza, la tatu linamwangusha. Maandishi hayo yalimsaidia mwalimu wake, na baadaye daktari, kuliko malalamiko yangu yote. Mpeleke kwanza apimwe macho na masikio, na uangalie analala saa ngapi. Mwambie daktari kama aliwahi kuugua malaria iliyopanda kichwani, maana inaweza kuacha athari za namna hii. Na usikubali jirani akwambie mtoto ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia au kuwa makini, kwa kumtazama tu akirukaruka uani. Hilo linahitaji mtaalamu, na dalili zake huonekana zaidi ya sehemu moja na huanza kabla ya miaka 12.

Fimbo tuliiacha, kwa sababu mtoto mwenye hofu hushika machache zaidi. Sasa nampa agizo moja au mawili, anayarudia kwa mdomo kabla hajatoka. Mlangoni tumebandika karatasi aliyoichora mwenyewe: begi, sweta, chupa ya maji. Ya dukani anaichora kwenye kipande cha boksi na kukitia mfukoni. Asubuhi bado nasimama naye pale mlangoni, anagusa picha moja baada ya nyingine, nami nasubiri hata kama gari la shule linapiga honi.