Madoa ya leza? Nani kamwaga chai?

Swali: Tuko Mbeya, tunaandika ripoti ya kupima bati linavyosogea kidogo sana likibebeshwa mzigo, kwa kutazama madoa ya leza. Mwalimu anataka "uhamisho", mimi naona "usogeo". Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe. Uhamisho hupewa mtumishi, akatoka Makete kwenda Tunduma na barua mkononi. Bati limesogea tu. Lililonikera mimi ni hayo "madoa" yako.

Doa ni uchafu. Chai ya Mufindi ikimwagikia kanzu, hilo ni doa, nalo hufuliwa. Fundi akisoma kwamba picha ina madoa atachukua kitambaa afute lenzi, kumbe ndiyo anayotakiwa kuyapima! Kiswahili kimelirudufisha neno zamani, tukapata madoadoa. Mtazame kanga, ndege si nguo. Nani amewahi kumfua? Akisogea, madoadoa yanasogea naye, na ukiyafuatisha unajua amekwenda wapi. Bati nalo ni hivyo: uso wake wenye mikwaruzo hutawanya nuru ya leza, mawimbi yakikutana huku yanaongezana, kule yanauana, na kamera inaona punje za mwanga na giza. Ukiling'arisha kama kioo huna kanga tena, una bata mweupe. Lipige msasa.

Kanga huyu ana masharti yake. Piga picha mbili juu ya filamu ileile, kabla ya mzigo na baada yake. Filamu ikishasafishwa (ndiyo, kusafishwa, ila si kwa kitambaa), ipitishie mwali mwembamba wa leza: ukutani hutokea mistari sambamba, iliyokingama na mwelekeo wa usogeo. Kwa leza ya heli-neoni yenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, ukuta ukiwa mita 1 kutoka kwenye filamu, mistari ikiachana milimita 10 na picha ikiwa na ukubwa uleule wa bati, usogeo ni mikromita 63. Tundu la lenzi likifungwa hadi f/8 (upana wake ni moja ya nane ya urefu wa fokasi), punje huwa na upana wa mikromita 12 hivi. Bati likisogea chini ya hapo, usitegemee mistari. Likiinama mno, madoadoa hubadilika sura: huyo ni kanga mwingine, huna cha kulinganisha.

Wapo wanaoyaita madoadoa haya "spekoli", kutoka Kiingereza "speckle". Linanikwaruza sikio, ila nawaacha, maana hakuna atakayelifuta. "Vidoadoa vidogo vidogo" ndiyo sivumilii. Hiyo vi- imekwisha kuyapunguza. Mnataka yabaki nini?