Bibi, ni sawa kuicheka vita?

SWALI: Shikamoo bibi. Mjomba alituwekea Dr. Strangelove, filamu ya zamani isiyo na rangi. Yeye na rafiki zake walicheka hadi machozi. Mimi niliona mabomu ya nyuklia yakiimaliza dunia, usiku sikulala. Je, sikuielewa?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Uliielewa. Stanley Kubrick, aliyeiongoza, alianza na riwaya isiyo na mzaha hata kidogo, Red Alert ya Peter George. Kila alipoandika mipango ya vita ilivyo, ikawa inachekesha, mwishowe akaacha kuizuia. Filamu ilitoka Januari 1964, miezi 15 baada ya Marekani na Umoja wa Kisovieti kukaribia kupigana kwa ajili ya makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba.

Nimeitazama tena Jumamosi. Nilikuwa opereta wa simu miaka 19, kwa hiyo nilirudia mara tatu kipande cha kibanda cha simu. Jenerali Ripper wa Marekani ameamuru ndege za mabomu za B-52 zikaipige Urusi bila idhini ya rais, kisha kajiua. Ofisa Mwingereza, Mandrake, amegundua herufi tatu za kuzirudisha. Simu za kambi zimekatika, imebaki ya sarafu. Anaomba aunganishwe na rais wa Marekani, sarafu hazimtoshi. Anaomba simu ilipiwe upande wa pili, wanakataa. Anajaribu simu ya bei nafuu, bado anapungukiwa senti 20. Anamsihi kanali aliye naye aipige risasi mashine ya Coca-Cola wapate chenji, na kanali anasita, kwa kuwa ile ni mali ya kampuni.

Sauti ya opereta haisikiki. Mimi niliisikia. Usiku mmoja wa masika alikuja kaunta baba mmoja, mtoto wake yu mahututi, anataka kumpigia ndugu yake. Alipungukiwa shilingi mbili. Kanuni ilikuwa alipe kwanza, nikamwambia arudi asubuhi. Shilingi mbili nilikuwa nazo kwenye mkoba. Nilijiona nimefanya kazi yangu vizuri, na nimeishi na usiku ule mpaka leo.

Ndiyo maana nakuambia usiwatazame wendawazimu peke yao. Ripper ni mmoja tu. Meja Kong, rubani, ni hodari na anawapenda vijana wake. Redio yake imeharibiwa na kombora, hasikii amri ya kurudi, basi anahangaika kwa mikono yake mpaka mlango wa bomu unafunguka. Warusi nao wameunda mtambo wa kuangamiza dunia ili watu waogope kuwashambulia, halafu hawajamwambia mtu, kwa kuwa kiongozi wao alipenda kulitangaza Jumatatu. Hapo mjomba alicheka, na mimi nilicheka. Kicheko hicho si dharau kwa wafu. Kinakutoka kwa sababu kila neno linalosemwa lina mantiki.

Ukiirudia, msikilize Luteni Zogg ndani ya ndege. Ni James Earl Jones, filamu yake ya kwanza kabisa. Sauti utaijua, ndiyo ya Mufasa, baba simba wa The Lion King. Amri inapofika, yeye ndiye anayeuliza kama si jaribio tu la kuwapima utii. Kong anamjibu kwa upole. Zogg anarudi kwenye vitufe vyake.