Simu moja, watoto watatu

Shule zilipofungwa Machi 2020, nyumbani kwetu Langoni, Lamu, simu janja ilikuwa moja tu, ya baba yao, na mchana kutwa alikuwa nayo kwenye boti, kati ya Mokowe na Lamu. Mimi nilikuwa na kabambe yangu, simu ya vitufe. Kazi za shule zikija kwa WhatsApp, na malalamiko yangu yote yalikuwa ya bando.

Simu ikifika magharibi, mkubwa ndiye wa kwanza kuishika kwa kuwa yuko darasa la nane, ana mtihani. Kisha kitinda mimba, kwa kuwa asipopewa analia. Binti yangu wa kati yuko jikoni nami, anasukuma chapati. Zamu yake huja baada ya isha, chaji imebaki asilimia saba na bando limekwisha. Usiku mmoja akaniuliza, "Mama, kwani mimi zamu yangu ni simu ikishalala?"

Sikuwa na jibu. Kumbe wa kudhulumu nilikuwa mimi.

Basi wewe mwenye simu moja, anza hapo kabla ya kuwaza kukopa ya pili. Nilitundika daftari mlangoni: kila mtoto dakika 40 kwa saa ya ukutani, mwenye kazi za nyumbani anatangulia, na wavulana wanakanda unga. Mkubwa alinuna wiki nzima. Na anune, unga haujikandi. Notisi za masomo zikiingia, zinanakiliwa kwa kalamu papo hapo, ili anayefuata asilipie bando mara ya pili.

Jambo jingine nililigundua kwa kuchelewa. Mkubwa alipoingia kidato cha kwanza 2021, aliambiwa aandike barua kwenye kompyuta na kuihifadhi. Mtoto ambaye vidole vyake kwenye simu huvioni kwa kasi, alikaa akiitafuta herufi moja moja, na faili ikampotea. Tableti za serikali zilizoanza kufika shule za msingi 2016 zililenga darasa la kwanza, na yeye alishalivuka. Mdogo wake alizigusa, lakini alirudi akisema mmoja anashika, wanne wanachungulia.

Nikachukua boksi la biskuti, nikalipasua, nikachora kibodi nzima kwa kalamu ya wino, herufi mahali pake. Majirani walicheka. Watoto wakabonyeza boksi jioni hadi vidole vikajua njia. Jumamosi tukalipia saa moja saiba, duka la kompyuta za kulipia, na hapo usimwache mtoto aende mikono mitupu: mwandikie hatua kwenye karatasi: Fungua folda, ipe jina lako, andika aya moja, hifadhi, itume kwa barua pepe. Wiki ijayo aitafute mwenyewe. Bila karatasi hiyo, saa nzima huishia kwenye michezo ya magari, na pesa umetoa.

Boksi lingali lipo. Herufi A ilifutika kwa vidole, nikaichora upya juzi, maana mtoto wa dada yangu anakuja kutoka Kizingitini kukaa nasi likizo hii.