Alinirudishia simu isiyo yangu, IMEI ikaniokoa

Wiki iliyopita nimemaliza kesi na mteja wa Mwanza, na hela yangu haikutoka hata senti. Naandika kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mnauza kama mimi: hamna fremu, mna ukurasa wa Instagram, namba ya WhatsApp na uaminifu wenu. Na uaminifu peke yake, ndugu zangu, haumzuii mtu aliyedhamiria kukudhulumu.

Mimi nauza simu used kutoka Dubai. Nazichukua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nazikagua nyumbani, naziposti, nazituma mikoani kwa basi. Mteja huyu alichagua iPhone 11 nyeusi, akalipa kwa lipa namba, akaniombea na dua. Nikapeleka mzigo stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikamtumia picha ya risiti ya ofisi ya basi. Alipoupokea aliandika, "Nimeipata kaka, iko poa sana."

Kikafuata kimya. Halafu usiku mmoja ukaingia ujumbe: "Kaka umeniuzia kitu kibovu. Kioo kinajibonyeza chenyewe, chaji haifiki mchana. Nataka hela yangu yote." Nikamjibu kwa adabu: itume, nikiikagua na kukuta tatizo limetoka kwangu, nakurudishia. Hakusubiri. Mzigo ukiwa bado njiani, tayari alishaweka picha ya ukurasa wangu mtandaoni na neno TAPELI kwa herufi kubwa. Watu nisiowajua wakaanza kunitukana. Mteja wa Morogoro aliyekuwa alipie asubuhi akaniambia, "Ngoja kwanza." Mke wangu aliyasoma maoni yote, moja baada ya jingine, na hakuniuliza kitu. Hilo bado linaniuma hadi leo. Hela ikipotea unatafuta nyingine, lakini kuitwa mwizi mbele ya watu wa nyumbani kwako, na hujaiba, dawa yake siijui.

Simu ikafika. Kwa nje, iPhone 11 nyeusi. Hata mkwaruzo wa pembeni ulifanana. Wauzaji wengi wangeishia hapo, wakarudisha hela ili yaishe. Mimi nikabonyeza *#06#.

Kwa asiyejua, IMEI ni namba yenye tarakimu 15, na kila simu halali ina ya kwake. Watanzania tuliizoea mwaka 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia mwezi Juni. Ndipo watu wakajifunza kubonyeza *#06# na kutuma namba ile kwenda 15090 kuhakiki simu zao. Namba iliyotokea kwenye kioo siku ile haikuwa ya simu niliyomtumia. Alibaki na simu yangu nzima, akanirudishia mbovu aliyokuwa nayo.

Nilijuaje? Kila simu inayotoka kwangu naipiga video moja isiyokatwa. Naiwasha, nabonyeza *#06# mpaka IMEI isomeke, natembeza kidole kioo kizima, naonyesha asilimia za betri. Naingia kwenye taarifa za simu, kwa sababu kuanzia iPhone 11, zikiwa na mfumo wa iOS 15.2 au mpya zaidi, simu yenyewe husema kama kioo au betri vimewahi kubadilishwa. Nachomoa trei ya laini na kumulika ndani, kwenye kile kialama cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kisha, kamera ikiwa bado inarekodi, naiweka kwenye boksi, nafunga kwa selotepu, nasaini juu ya selotepu, nabandika jina la mteja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaouza kwa simu daftari letu ni hiyo video.

Nikamtumia video, nikamtumia na picha ya IMEI ya hiyo aliyonirudishia. Nikamwandikia: "Ndugu yangu, namba hizi mbili nipeleke polisi au tumalizane?" Akasema mdogo wake alichanganya simu. Akafuta ile posti, akalipa mwenyewe nauli ya kurudishiwa mzigo wake. Samahani hakusema. Wa Morogoro naye hakurudi.

Kwa hiyo nawaambia: rekodini. Rekodi kabla ya kufunga, rekodi unapofunga, na mzigo ukirudi rekodi unapofungua. Msiseme mteja huyu namfahamu, huyu ni wa kanisani kwetu, huyu ameniita kaka. Wangu naye aliniita kaka. Na mazungumzo msifute hata yakijaza simu, kwa maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Lile neno lake la "iko poa sana" nilikuwa nalo, na lilimfunga mdomo.

Dada zangu wa magauni, nanyi rekodini. Gauni linavaliwa harusini Jumamosi, Jumatatu linarudi eti size imekataa, na kwapani linanukia pafyumu. Shoneni lebo ya karatasi mahali inapoonekana, mwambieni mteja mapema kwamba ikikatwa hakuna kurudisha, na lebo hiyo iwemo kwenye video.

Wauza iPhone, msirudishe hela kabla hamjahakikisha mteja ametoa iCloud yake, yaani akaunti yake ya Apple. Simu ikirudi na akaunti yake ndani, umebaki na kioo cha kujitazamia.

Kwenye hela sina mengi. Angalieni salio, si meseji, maana meseji yeyote anaweza kuitunga. Mtu akisema amezidisha na anaomba umrudishie kwa namba nyingine, aombe mtandao wake urudishe muamala. Namba ya tapeli ikikufikia, itume TCRA kwenda 15040.

Nasema pia, na nalisema kwa moyo wote: wateja waaminifu wapo, na ndio wengi. Kosa likiwa langu huwa nalipa bila kubishana. Tangu kesi hii iishe, kila mteja namtumia maneno haya kabla hajalipa, nakilini mkitaka:

"Mzigo wako nitaurekodi nikiufunga, nawe urekodi ukiufungua. Ukiwa na lalamiko, nitumie video hiyo ndani ya saa 24. Simu irudi na IMEI ileile, iCloud ikiwa imetolewa. Kosa likiwa langu, nakurudishia hela yote kwa namba ileile iliyolipa, na nauli ya basi ni juu yangu."

Akijibu "sawa", ndipo namtumia lipa namba.