Kofia Ngumu Haitoshi: Makosa ya Usalama Yanayoua Katika Saiti za Ujenzi

Ukiingia katika saiti nyingi za majengo ya ghorofa Dar es Salaam au Dodoma, utalikuta getini bango linaloamuru kofia ngumu, buti na kizibao cha kuakisi mwanga. Bango hilo ni jema na amri yake ni ya haki. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kusimamia usalama wa watu kazini, nimeshawishika kwamba makosa tunayoyakemea zaidi ni yale yanayoonekana tangu getini, ilhali yale yanayoua yako kwenye ukingo wa slabu (sakafu ya zege ya kila ghorofa), chini ya zege ambalo halijakomaa na ndani ya mashimo. Kofia ngumu humkinga mtu na jiwe au kipande cha ubao kinachodondoka juu yake, lakini haimkingi yule anayedondoka mwenyewe kutoka ghorofa ya nne.

Nianze na huko juu, kwa sababu ndiko nilikoshuhudia majeraha mabaya zaidi. Jengo linapopanda, kila slabu mpya huzaa kingo nne zisizo na kizuizi, pamoja na matundu ya lifti, ya mabomba na ya ngazi. Kwa kawaida tundu hufunikwa kwa kipande cha plaiwudi kilicholazwa tu bila kupigiliwa, na hapo ndipo mtego unapotegwa. Saidia fundi aliyetumwa kutafuta ubao hukiona kipande kile, hukinyanyua kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, huku kikimziba asione chini, kisha hupiga hatua moja mbele na kutumbukia katika tundu alilolifunua mwenyewe. Ajali ya namna hii hutokea mara nyingi mno kuweza kuitwa bahati mbaya. Kifuniko cha tundu kinapaswa kupigiliwa misumari na kuandikwa SHIMO kwa rangi nyekundu, na ukingo wa slabu uwekewe reli ya kimo cha takriban mita moja, reli ya pili katikati, na ubao wa chini wa kuzuia matofali na vifaa visiteleze kuelekea kwa walio chini. Reli hizo zifungwe kabla mafundi wa matofali hawajapanda. Wakishaanza kazi, kila mtu ataona kwamba zinampotezea muda.

Kuhusu majukwaa, sikubaliani na wanaosema kwamba jukwaa la mirunda ni hatari kwa sababu tu ni la miti. Nimeona majukwaa ya miti yaliyofungwa vizuri yakadumu hadi mwisho wa kazi, na nimeona ya mabomba ya chuma yakiyumba kwa sababu hayakufungwa kwenye jengo au kwa sababu miguu yake ilisimamishwa juu ya matofali yaliyopangwa. Linaloleta maafa ni uhaba wa mbao za kukanyagia. Fundi anapopewa mbao mbili tu, huzihamisha kila anapopanda, na ngazi ya jukwaa aliyoiacha hubaki mitambaapanya mitupu ambayo mwenzake ataikanyaga jioni bila kujua. Mkandarasi anunue mbao za kutosha, na matofali yasirundikwe yote juu ya ubao mmoja.

Mkanda wa usalama nao umekuwa pambo la siku ya ukaguzi. Wapo wanaouvaa bila kuunganisha ndoano popote, na wapo wanaoiunganisha kwenye bomba lilelile la jukwaa ambalo likianguka litaondoka nao. Jambo lisilofundishwa vya kutosha ni umbali: kamba ya mita mbili, ikijumlishwa na urefu wa mwili na kifaa cha kupunguza mshtuko kinapofunguka, huhitaji nafasi ya takriban mita sita chini ya sehemu ilipofungwa. Aliye ghorofa ya kwanza aliyefunga kamba yake usawa wa miguu atafika chini kabla mkanda haujamdaka. Mahali kama hapo pa kutegemea ni reli.

Sasa tushuke chini ya slabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4, maana yake slabu yenye unene wa milimita 150 hubeba kilo 360 hivi katika kila mita moja ya mraba, kabla hujahesabu nondo, watu na makarai. Mzigo huo wote, wakati zege bado ni uji, unashikiliwa na mirunda. Nimekuta mirunda iliyounganishwa viraka kwa misumari mitatu ili ifikie urefu, mingine imesimama juu ya udongo ulionyeshewa usiku bila ubao wa kusambaza uzito, na safu nzima isiyo na mbao za mshazari za kuizuia isilale upande mmoja. Kabla ya kumwaga zege, mhandisi anapaswa kupita chini ya fomu, yaani mbao zinazolishikilia zege, mrunda kwa mrunda, na wakati wa kumwaga asiwepo mtu chini yake isipokuwa aliyepewa kazi ya kuangalia.

Kosa kubwa zaidi huja baadaye, fomu inapong'olewa mapema. Zege la kawaida huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa siku ya 28, na siku ya saba huwa limefikia takriban theluthi mbili tu. Anayeing'oa mirunda siku ya nne kwa kawaida si mjinga. Mirunda na plaiwudi ni ya kukodi kwa siku, au inahitajika ghorofa ya juu, na fundi amepatana malipo kwa kazi nzima badala ya kulipwa kwa siku, hivyo kila siku ya kusubiri inatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana ninawaambia wamiliki wanunue au wakodi fomu za kutosha ghorofa mbili au tatu kwa pamoja, na tarehe ya kung'oa iandikwe kwa rangi kwenye mrunda wenyewe, kwa idhini ya mhandisi. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Hakuna kofia ambayo ingemwokoa mtu chini ya kifusi kile.

Mashimo yanadharauliwa kwa sababu hayatishi macho. Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito unaozidi tani moja na nusu, na mtu aliyefukiwa hadi kifuani hushindwa kupumua hata kama kichwa chake kiko wazi. Mtaro unaozidi mita 1.2 usiingiwe bila kuta zake kuzuiwa kwa mbao au kuchimbwa kwa mteremko, hasa kwenye mchanga wa pwani na hasa baada ya mvua. Udongo uliochimbuliwa uwekwe mbali na ukingo, na ngazi iwe ndani ya mtaro muda wote. Anayechimba jirani na jengo lililosimama ana wajibu mzito zaidi, kwa maana anaugusa msingi wa mwenzake. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, na tangu siku hiyo hakuna anayepaswa kuhitaji kukumbushwa kwamba kazi inayogusa miguu ya jengo haifanywi kwa kubahatisha. Na kwa karo la zamani la maji taka: mwenzako akizimia ndani yake, usimfuate bila kifaa cha kupumulia, maana hewa iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe.

Umeme hauhitaji maelezo marefu. Waya zisizo na plagi zilizochomekwa kwenye soketi kwa njiti, zikipita juu ya maji ya kumwagilia zege, ni kosa ambalo kikata umeme cha miliampea 30, kinachozima umeme unapovuja, pamoja na plagi halisi hulimaliza kwa gharama ndogo.

Neno langu kubwa ni kwa mwenye jengo. Katika zabuni nyingi nilizozipitia, kipengele cha usalama huachiwa mkandarasi akijazie bei mwenyewe, na kwa kuwa anayeshinda ni mwenye bei ndogo, hapo ndipo anapopunguza kwanza. Tenga kiasi maalumu ambacho hakishindaniwi, kilipwe kadiri reli, mbao na mikanda inavyoonekana saiti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kusajili eneo lake la kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya, OSHA, na kugharimia vifaa vya kinga. Kumkata kibarua fedha za buti ni kinyume cha sheria hiyo.

Kwa vibarua, hasa wanaochukuliwa getini asubuhi: usipande kabla hujaonyeshwa matundu yaliko na njia ya kushukia, na hakikisha jina lako limeandikwa kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kushika karai. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri peke yake, wala wewe hukatwi chochote, lakini ukiumia utahitaji kuthibitisha kwamba siku ile ulikuwa kazini kwake. Msimamizi akikataa kuandika majina, piga picha ya bango la mradi lenye jina la mkandarasi, na uhifadhi ujumbe wa malipo ya simu ya kila siku.